Pacha wa Maharage

Sehemu ya tano

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike. Nitamkimbizia habari upesi, maana nina sufuria motoni.

Mwanangu Gervas alikuwa wakala wa forodha pale Rusumo kwa miaka kumi na moja. Kampuni yao ikafunga ofisi. Akarudi kwangu Ntobeye na mke wake Scola, binti yao Teddy wa miezi mitatu, jokofu moja, na mfuko wa lakiri za plastiki ambazo hakuna aliyemdai. Ni zile zenye namba, wanazofungia milango ya malori.

Siku ya tano akatangaza kubana matumizi.

Akafunga lakiri kwenye mkebe wa sukari. Akafunga kwenye dumu la mafuta. Akafunga kwenye gunia la maharage. Jokofu akalizima, likawa kabati la unga, nalo likapigwa lakiri. Namba zote akaziandika kwenye daftari, na koleo la kukatia akaliweka mfukoni mwa suruali. Tangu siku hiyo suruali ikawa haifuliwi.

Kwenye mlango wa ua, katikati ya minyaa, akaweka kizuizi cha mwanzi, upande mmoja amefunga jiwe. Anayetoka anakaguliwa. Anayeingia anakaguliwa. Hata kuku wangu walijifunza kupita pembeni.

Wiki iliyopita niliishia pale Scola aliponiita chumbani, begi likiwa wazi kitandani, anakunja nguo.

"Mama," aliniambia, "wewe sina ugomvi na wewe. Lakini nanyonyesha, na leo ni siku ya kumi na tisa nakunywa chai isiyo na sukari. Jumamosi ikinikuta hali ikiwa hii hii, narudi Kaniha kwa baba."

Ilikuwa Jumatatu.

Sasa nikiri.

Nilifanya magendo. Mimi Auleria, mwenye miaka sitini na nane, mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo, nilifanya magendo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Utaniuliza, bibi, si maharage ni yako? Ni yangu. Nimeyalima kwa mikono hii. Kwa nini usikate tu hiyo lakiri ukapika?

Kwa sababu nilimwona Gervas wiki aliyorudi. Alikaa siku nne kwenye kigoda, anatazama viatu vyake. Hakula. Hakunyoa. Siku aliyotangaza kubana matumizi ndiyo siku aliyonyoa. Mtu aliyepoteza kazi akijitafutia kazi nyumbani kwake, wewe mama yake utamfukuza tena?

Nami sikuweza. Lakini Scola naye sikuweza kumwacha aende. Huyu binti, nilipovunjika mguu mwaka juzi, alitoka Rusumo akaja kuninawisha mwezi mzima, na hakuwahi hata mara moja kukunja uso. Mkwe kama huyo hapotezwi kwa ajili ya kijiko cha sukari.

Basi Jumanne asubuhi nikaingia stoo na sindano.

Lakiri sikuigusa. Niligeuza gunia, nikafumua mshono wa kona ya chini, nikachota vibakuli vinne vya maharage, nikashona tena kwa uzi ule ule. Mbinu hii alinifundisha Gervas mwenyewe. Zamani akija likizo alikuwa akinisimulia jinsi wajanja wa mpakani wanavyoacha lakiri mlangoni ikiwa nzima, halafu wanapitia sakafuni. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Sikujua kwamba nilikuwa darasani.

Maharage nikayafunga kwenye shuka la mtoto. Nikayaweka mgongoni, nikajifunga kitenge, juu nikafunika na kile kikofia cha Teddy cha sufu.

Gervas alikuwa kwenye kizuizi na daftari lake.

"Mama, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nampunga mtoto upepo."

"Amelala?"

"Amelala."

Akasogea. Akaweka kiganja juu ya kile kikofia, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja yai.

"Amekuwa mzito," akanong'ona.

"Ananyonya vizuri."

Akatabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake tangu arudi. Akainua mwanzi kwa mikono miwili ili jiwe lisigonge, akasubiri nipite, akaushusha taratibu. Nusura nigeuke nimwambie, mwanangu, unabembeleza maharage. Nikaendelea kutembea.

Koleta ana duka dogo pale njia panda. Siku zote yumo dukani na mjukuu wake Anatoli mgongoni, mtoto wa miezi saba, mnene, mwenye meno mawili, kwa sababu mama yake anauza nguo za mitumba Ngara mjini. Nikafungua kitenge juu ya meza yake.

"Mama Gervas!" Koleta akashika kifua. "Mtoto amegeuka maharage?"

"Nipe sukari, Koleta, na usiniulize."

Hakuniuliza. Alipima maharage, akapima sukari, kisha akaongeza kijiko kingine juu. "Hicho cha mnyonyeshaji," akasema. Sikuwa nimemwambia sukari ni ya nani. Wanawake wa hapa wanajua.

Njiani kurudi, sukari ikiwa mgongoni mahali palipokuwa na maharage, ndipo nikakutana na Gidioni.

Gidioni ananunua mahindi. Ana pikapu yake, leo yuko kwetu, kesho yuko Kaniha, keshokutwa yuko Biharamulo mjini. Ni mtu mwema sana, na wema wake ndio ulioniponza. Akasimamisha gari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo mgongoni?"

"Mjukuu."

"Wa Gervas?"

"Wa nani mwingine?"

Akatazama nyuma alikotoka, akatazama mgongo wangu. "Bibi, mbona Scola nimempita sasa hivi pale mtoni, anafua, na ana mtoto mgongoni?"

Kumbe Scola alikuwa ameteremka alfajiri, Gervas akiwa bado amelala. Hapo, wapendwa wasomaji, mtu mwenye akili angesema, huyu ni mtoto wa jirani. Lakini Gidioni ni rafiki wa Gervas, nikaogopa atamuuliza ni wa jirani yupi. Ulimi ukateleza wenyewe.

"Na huyu pia wake," nikasema.

"Wawili?"

"Sshh. Usimwamshe."

Gidioni akavua kofia. Akaingiza mkono garini, akatoa sabuni mbili za mche, akanipa kwa mikono yote miwili. "Ya kufulia nguo za mapacha, bibi. Mungu awakuze."

Nikazipokea. Nakiri na hilo. Nilipokea sabuni ya mtoto wa sukari.

Alasiri hiyo Scola alikunywa chai. Nilimpa nyuma ya jiko, Gervas akiwa anahesabu vijiti vya kiberiti sebuleni. Alipoonja, alifumba macho.

"Mama, umeitoa wapi?"

"Kunywa."

Akamaliza. Akainuka, akaenda chumbani, akatoa kanga moja kwenye begi, akairudisha kwenye kamba ya nguo.

Jumatano nikapita tena na kikofia. Kanga ya pili ikarudi. Alhamisi yakarudi magauni mawili. Ijumaa asubuhi nikachungulia begi: limebaki gauni moja la kanisani na kandambili. Nikaona nimeshinda.

Gervas naye aliona kwamba mke wake anacheka. Akaniita pembeni, uso unang'aa.

"Unaona, mama? Mwili unazoea. Sukari ni tabia tu. Wiki ijayo naingia kwenye chumvi."

Sikujua nicheke au nipige yowe.

Ijumaa hiyo hiyo mchana, simu ya Scola ikalia. Alikuwa Limi, mama yake, kutoka Kaniha. Sauti ilitoka kwenye simu kana kwamba yumo chumbani.

"Scola! Kwa nini mmetuficha?"

"Tumewaficha nini, mama?"

"Picha mliyotuma ina mtoto mmoja! Mlitupigia picha nusu?"

"Mama, nusu gani?"

"Baba yako Bulugu hajala tangu jana. Mabasa hawafichwi, ng'wanone, mwanangu! Mapacha wana ngoma yao, wana mambo yao, hata baba yako alizaliwa pacha! Unataka watu waseme Bulugu ana wajukuu pacha na hawajachezewa? Kesho tunakuja. Gidioni anatuleta."

Simu ikakatika. Scola akapiga, haikwenda. Hana salio. Vocha ilikatwa wiki ya kwanza, kabla hata ya sukari.

Akaiweka simu chini. Akanitazama kwa yale macho yake makubwa.

"Mama. Hivi ukitoka na kile kikofia cha Teddy, huwa unabeba nini?"

Nikamwambia. Gunia, sindano, Koleta, Gidioni, hata sabuni. Scola akacheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Mama, baba hajui kama Gervas hana kazi. Anajua yuko likizo."

Nikakaa chini na mimi.

Maana ninyi hamumjui Bulugu. Ni mfugaji, alihamia Kaniha kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu wa miraba minne, na haongei mara mbili. Siku ya harusi alisimama mbele ya watu wote, akamnyooshea Gervas fimbo. Akasema, "Mimi mali yako nimepokea. Ila siku nitakayosikia binti yangu anapimiwa chakula, nakuja na gari." Watu walipiga makofi, wakidhani ni utani. Mimi nilikaa karibu naye. Haukuwa utani.

Na sasa anakuja na gari. Kwenye nyumba ambayo hata chumvi iko foleni.

"Tutamwambia Gidioni alihesabu vibaya," nikasema.

"Na akiuliza wewe ulibeba nini?"

Nikisema maharage, ataniuliza kwa nini mwanamke mzima abebe maharage yake kama mtoto. Jibu liko kwenye mkebe wa sukari, lina namba.

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ya Gidioni ikapanda kilima, ngoma inalia nyuma. Gervas hatukuwa tumemwambia chochote. Tulikubaliana nitamwambia mimi baada ya chai, na chai ilikuwa haijachemka.

Gari likasimama kwenye kizuizi. Mwanangu, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akatoka na daftari.

"Mnatoka wapi? Mmebeba nini?"

Kioo kikashuka. Bulugu akatoa kichwa.

"Gervas! Hata likizo unafanya kazi?"

Mwanangu akageuka rangi. "Shikamoo baba! Karibu baba! Nilikuwa... nafanya mazoezi."

"Marahaba. Fungua huu mti, tuna mzigo."

Na mzigo ulikuwepo. Kila kitu viwili viwili. Mbuzi wawili. Majogoo wawili. Magunia mawili ya mchele, vibuyu viwili, vigoda viwili vidogo vimechongwa sawasawa, vitenge viwili vya rangi moja, na kilo ishirini za sukari, kumi kwa kila mtoto. Limi akashuka akiimba. Shangazi wawili wakashuka na ngoma. Majirani wakaanza kuingia, Koleta naye na Anatoli wake mgongoni, maana ngoma ikilia duka linafungwa.

Gervas alisimama katikati ya mbuzi, mdomo wazi. Bulugu akamkumbatia.

"Mwanangu! Wawili kwa mpigo! Na hukusema!"

"Wawili... nini, baba?"

"Wajukuu!"

Gervas akacheka kidogo, kwa heshima. "Baba, huyo aliyekwambia amekosea. Mtoto ni—"

"Sijakosea, kaka," Gidioni akadakia kutoka nyuma ya usukani. "Scola nilimwona mtoni na mmoja. Bibi nikamkuta barabarani na mwingine, na kikofia chake cha sufu. Nikampa sabuni mbili kabisa. Muulize."

Ngoma ikasimama.

Gervas akageuza shingo, akanitazama. Akatazama kichwani kwangu, akatazama mgongoni, akatazama mlango wa stoo. Niliona anahesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kiganja chake cha kulia kikafunguka kidogo, kile kilichobembeleza kikofia.

Nikasubiri aniumbue. Ilikuwa haki yake. Mtu huyu hajawahi kupitisha mzigo wa uongo maishani mwake. Pale Rusumo madereva walimwita Padri.

"Ni kweli, baba," Gervas akasema. "Ni wawili. Mama alikuwa... akimpunga upepo huyo wa pili."

Nilitaka kulia pale pale. Miaka kumi na moja ya tamko safi la mizigo mpakani, na tamko la kwanza la uongo akalitoa kwa ajili yangu.

"Basi waleteni!" Bulugu akapiga fimbo chini. "Wote wawili! Hapa kwenye mkeka!"

Scola akaingia ndani mbio. Nikamfuata. Teddy alikuwa kitandani ananyonya kidole. Scola akamfunga mbele, kifuani, kisha akasimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Mama, wa pili natoa wapi?"

Dirisha la nyuma likagongwa. Nikafungua. Nje alikuwa amesimama Koleta, ameshaanza kufungua fundo la kitenge chake.

"Mshike," akasema, akampitisha Anatoli dirishani kama mkungu wa ndizi. "Usimpe maziwa ya ng'ombe, yanamharisha. Na nirudishieni kabla mama yake hajarudi kutoka Ngara."

Nimeishi na watu wengi, lakini jirani wa namna hiyo ni wa kumwombea kila Jumapili.

Scola akatokea uwanjani, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Vigelele! Ngoma ikapasuka. Limi akajitupa chini akibingirika. Shangazi wakaanza zile nyimbo za mapacha, ambazo sitaziandika gazetini kwa sababu paroko wetu ni msomaji.

Bulugu akawapokea, mmoja kila mkono. Akamtazama Teddy, mdogo kama panya. Akamtazama Anatoli, mashavu kama maandazi. Anatoli akamchekea, akaonyesha meno mawili.

"Huyu ana meno!"

"Amewahi," nikasema.

"Na mbona ni mara mbili ya mwenzake? Huyu si amekula fungu la dada yake?"

"Hapana, baba," Gervas akajibu haraka. "Kwenye nyumba hii kila mtu anapimiwa sawa."

Nilifumba macho. Mwanangu, mwanangu.

Bulugu akaacha kucheka. "Anapimiwa?"

"Anapendwa!" nikapaza sauti. "Mkwe, amesema anapendwa sawa. Kelele hizi!"

Bulugu akatikisa kichwa pole pole, akili inafanya kazi. Kisha akawarudisha watoto kwa Scola, akasafisha koo.

"Sasa sikieni. Ngoma ya mapacha kwetu haichezwi ugenini. Mkwe wangu, usione vibaya. Mama na watoto wake wawili wanakwenda Kaniha leo hii, tuwafanyie mambo yao. Mwezi mmoja. Labda miwili. Wakimaliza tutaona. Scola, chukua begi lako."

Wasomaji wangu, mmeelewa? Nimefumua gunia, nimedanganya watu, nimepokea sabuni, yote ili Scola asiende Kaniha. Na sasa anakwenda Kaniha, kwa ngoma, na begi nimelisaidia mwenyewe kuwa jepesi.

Pembeni yangu Koleta akanishika mkono, kucha zikaingia. "Mama Gervas. Watoto wawili? Na wangu?"

"Tulia."

"Natuliaje? Mama yake anashuka na basi la saa tisa!"

Lakini shangazi walikuwa wameshampandisha Scola kwenye pikapu, kiti cha mbele, Teddy kifuani, Anatoli mapajani akivuta redio ya gari. Koleta akakimbia, akapanda nyuma kati ya magunia ambayo yalikuwa hayajashushwa.

"Wewe ni nani?" Limi akamuuliza.

"Mimi ndiye yaya wa huyo mnene! Bila mimi halali!"

Gidioni akawasha gari. Likageuka, likaelekea kwenye mlango wa ua.

Na mwanzi ukashuka.

Gervas alikuwa amesimama kwenye kizuizi chake, mkono mmoja juu ya lile jiwe. Daftari lilikuwa limeanguka chini, na mbuzi mmoja wa wajukuu alikuwa analila.

"Gervas, fungua," Bulugu akasema kupitia dirishani.

"Hapana, baba."

"Umesemaje?"

"Mzigo huu umepewa tamko la uongo." Mkono wake haukutoka kwenye jiwe. "Tamko nimelitoa mimi. Huyo mnene si wetu. Ni mjukuu wa Koleta, huyo aliyekaa juu ya mchele. Mtoto wetu ni mmoja, Teddy. Yule mwingine aliyebebwa na mama alikuwa maharage."

"Maharage?"

"Na kurudi, sukari," nikasema mimi, nikasogea nikasimama upande wa mwanangu. Kama ni kushtakiwa, tushtakiwe wawili. "Ni kosa langu, mkwe. Nilikuwa nakwepa lakiri."

Bulugu akafungua mlango. Akashuka. Fimbo ikashuka baada yake.

"Lakiri gani?"

"Sina kazi, baba. Huu ni mwezi. Siko likizo. Nimefunga kila kitu kwenye nyumba hii kwa lakiri, nampimia mke wangu chakula, na sukari nimemnyima kabisa. Ulisema siku ukisikia, utakuja na gari. Gari ndilo hili. Lakini nilitaka ulisikie kwangu, usilisikie Kaniha."

Shangazi mmoja alikuwa ameinua mkono kupiga ngoma, mkono ukabaki hewani.

Bulugu akamtazama mwanangu kuanzia viatu mpaka kichwa. Akaniangalia mimi. Akaliangalia lile jiwe lililofungwa kwenye mwanzi, akaligusa kwa ncha ya fimbo, likayumba. Niliona ndevu zake zinacheza, ila kama ni hasira au ni kicheko, mimi sikujua, na Limi, aliyeishi naye miaka arobaini, naye hakujua.

Akageuka kwenye gari.

"Scola. Mimi neno langu nililisema siku ya harusi, na unalijua. Lakini aliyepimiwa ni wewe. Sema mwenyewe. Tunaondoka, au unashuka?"

Scola akampa Limi yule mnene kupitia dirisha la nyuma. Akamweka Teddy vizuri kifuani. Akafungua mlango. Mguu mmoja ukashuka, kandambili ikakanyaga udongo wa Ntobeye. Wa pili ukabaki garini.

"Gervas," akasema.

"Naam, mke wangu."

"Kabla sijajibu. Ule mkebe wa sukari ulioko ndani. Unaukata sasa hivi, mbele ya baba, au hukati?"

"Scola, baba ameleta kilo ishirini. Ule wa ndani tungeuacha kama akiba ya—"

"Gervas."

Mwanangu akanitazama mimi. Nikatazama juu kwenye migomba, maana hapo mama hana la kumsaidia mtoto.

Mkono wake ukaingia mfukoni, mle mwenye koleo.

Ukakaa humo.